Mawe ya Chungu Kimoja

Mwaka 1811 Mwingereza William Burchell, aliyekuwa akizunguka kusini mwa Afrika akikusanya mimea na wanyama, aliinama karibu na Prieska akaokota kijiwe kilichomvutia kwa umbo lake. Alipokitazama vizuri aligundua kwamba ameokota mmea. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla N. E. Brown, mtaalamu aliyefanya kazi katika bustani za Kew huko Uingereza, kuitengea mimea ya aina hiyo jenasi yake na kuiita Lithops. Hiyo ilikuwa 1922.

Mmea wenyewe ni majani mawili tu, manene, yaliyoshikana toka chini hadi karibu na juu, yakaacha ufa katikati. Sehemu kubwa ya mwili imezama ardhini. Kinachoonekana ni utosi, na utosi una rangi na madoa ya changarawe iliyouzunguka. Katika nchi kavu, ambako jani lenye maji ni kinywaji cha mnyama yeyote apitaye, kufanana na jiwe ni njia ya kujificha hadharani. Na Lithops hauko peke yake. Katika ukoo huo huo wa Aizoaceae kuna Conophytum, ambao aina zake nyingi hazizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kuna Argyroderma wa rangi ya fedha, uotao katikati ya vijiwe vyeupe. Kuna Pleiospilos, mkubwa kuliko hao wote, unaoonekana kama jiwe la matale lililopasuliwa kwa nyundo. Kila mmoja ulijifunza uongo uleule kwa njia yake.

Uongo huo ulikusudiwa macho ya wanyama. Lakini nimekuja kuamini kwamba anayedanganywa zaidi siku hizi ni mpenda maua. Mnyama hudhani mmea ni jiwe akapita zake, na hasara ni yake mwenyewe. Mpenda maua anajua fika kwamba ni mmea, ila kwa kuwa yote inafanana na mawe, hudhani inafanana na katika mengine pia: kiu moja, usingizi mmoja, msimu mmoja. Hapo hasara huangukia mmea.

Kisa cha kufunzia ninachokileta ni cha Kiandutu, mtaa wa nyumba za mabati ulio pembeni mwa mji wa Thika. Wahusika nitawataja kwa kazi na umri wao tu.

Kijana wetu alikuwa na kitalu kando ya barabara ya kwenda Garissa: miche ya avokado na maembe, waridi, dungusi kadhaa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Nyumbani, ukuta kwa ukuta, aliishi na shosho mmoja aliyelima ndani ya magunia. Kilimo hicho wakazi wa mitaa ya mabati wanakijua vizuri. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati ikasimamishwa nguzo ya mawe madogo ya kupitisha maji hadi chini, na ubavuni yakatobolewa matundu ya kuchomekea miche. Gunia moja la shosho lilikuwa na sukuma wiki ubavuni, spinachi juu, kitunguu pembeni, na dania popote palipobaki nafasi. Kila jioni alilimwagilia maji aliyooshea mboga, na gunia likamlisha.

“Mimea haipendi upweke, mwanangu,” alikuwa akimwambia. “Ukiona shamba la mahindi halina maharagwe, jua mwenyewe ni mvivu.”

Na alikuwa sahihi. Maharagwe huutia udongo naitrojeni, hukomaa kabla ya mahindi, na yote mawili husubiri mvua ileile. Sukuma na dania hunywa kila siku na hakuna kati yao unaolala miezi minne. Mseto ni elimu ya zamani sana katika nchi yetu na imewaokoa wengi na njaa. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akamtwika shosho lawama zote. Elimu yake ilikuwa nzuri. Kijana ndiye aliyeihamisha ikaenda mahali isipofanya kazi.

Mwezi wa Januari mwalimu mstaafu wa baiolojia, mkazi wa Section 9, alimwita kijana nyumbani kwake. Alikuwa anahamia Nanyuki kwa bintiye na lori la mizigo lilikuwa limekwisha kujaa. Akamkabidhi kreti ya soda yenye vyungu vidogo, kila kimoja na mmea mmoja, na kila mmea na kibao cha plastiki kilichokatwa kutoka kwenye kopo la siagi. Mbele ya kibao palikuwa na jina. Nyuma, kwa penseli, miezi.

“Usimwagilie kabla hujasoma nyuma.”

“Sawa, Mwalimu,” kijana akaitikia, kwa sauti ileile ambayo sote huwaitikia walimu.

Ndani ya kreti mlikuwa na hao wanne niliokwisha kuwataja, na wa tano ambao si wa kusini kabisa. Pseudolithos ni mmea wa Somalia. Hauna majani wala ufa: ni bonge la shina la kijani kibichi, lenye vinundu kama ngozi ya chura. Hauna undugu na Lithops. Undugu wake ni na akina Caralluma, ambao mchungaji yeyote wa nyika za kaskazini mwa Kenya amewahi kuwakanyaga, na maua yake hunuka mzoga ili kuwaita nzi. Aliyeupa jina hilo, mwaka 1965, ni Peter Bally, Mswisi aliyefanya kazi kwa miaka mingi kama mtaalamu wa mimea katika makumbusho ya Nairobi, enzi zile yakiitwa Coryndon. Wengi wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa sababu aliwahi kuwa mume wa Joy, yule ambaye baadaye alikuwa Joy Adamson wa simba Elsa. Naona mimea aliyoishughulikia ingestahili umaarufu zaidi ya ndoa hiyo.

Kwa hiyo kreti ilibeba koo mbili zisizojuana, kutoka ncha mbili za bara. Kwa macho ilikuwa kreti ya mawe.

Sasa, biashara ya maua ya barabarani ni biashara ya dereva aliyekwama kwenye foleni. Mmea usioonekana kutoka dirisha la gari hauuzwi. Lithops huchukua miaka kufikia upana wa sarafu, na hakuna dereva atakayeshusha kioo kwa ajili ya sarafu. Kijana alilijua hilo. Akaenda kwa fundi wa saruji, akatengenezewa bakuli pana la mviringo, na hapa nitamtetea kwa nguvu zote: hakuwa mjinga. Alitoboa matundu chini. Hakutumia udongo mwekundu wa Thika, ambao ukilowa hukaa umelowa. Alichanganya mchanga mnene wa mtoni na yale mawe mepesi ya volkano ambayo watu husugulia visigino, akayavunja, akayachekecha ili vumbi lisizibe njia za maji, akaongeza mbolea kidogo sana. Juu akatandaza vipande vya mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo. Wengi wanaofuga mimea hii hawafiki nusu ya hapo.

Kisha akaitoa mimea mitano kwenye vyungu vyake na kuipanda bakulini, karibu karibu. Vibao alivitupa. Bakuli lenye vibao, alisema, halina uzuri. Na kwa kuwa majina yenyewe hakuna mteja angeweza kuyatamka, hakuona kilichopotea.

Lilikuwa zuri, hilo hatuwezi kulikana. Watu walisimama wakabishana kipi ni jiwe na kipi ni mmea, wakabonyeza kwa vidole. Picha ilizunguka kwenye simu. Mama mmoja mwenye saluni mjini, aliyekuwa akijiandaa kufungua tawi jipya Agosti, alituma arbuni kwa M-Pesa siku hiyohiyo na kusema bakuli likae kitaluni lizidi kujaza mpaka siku ya ufunguzi.

Kijana aliangalia video kwenye simu, ikamwambia: maji kila baada ya wiki mbili. Akaweka kengele. Kila Jumamosi ya pili, kikombe kimoja, mzunguko mmoja, kila mmea sawa na mwenzake. Hakupunja hata mmoja na hakusahau hata siku moja. Hilo ndilo lililoiua.

Wa kwanza kuharibika ulikuwa Argyroderma. Kwao ni Knersvlakte, magharibi mwa Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi. Joto likipanda mmea hulala. Kijana aliunywesha Februari, jua la Thika likiwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka. Mmea wa namna hii haujui kukataa maji. Umezoea kwamba yakija leo huenda yasije tena kwa muda mrefu, kwa hiyo hunywa yote, na ngozi yake ina kiasi cha kuvutika. Baada ya siku chache ulipasuka ubavu.

“Unazaa,” kijana alimwambia mteja, na mteja akapiga picha.

Kidonda kiliingia uozo, na uozo ukamaliza kazi.

Conophytum ulifanya kinyume chake, yaani haukufanya chochote. Ulikuwa umejifunika ganda jembamba, kavu, la rangi ya karatasi ya sukari. Huo ndio usingizi wake wa miezi ya joto: majani ya zamani hunyauka yakawa kifuniko, na ndani yake mwili mpya husubiri baridi. Ukiuona hivyo kwa mara ya kwanza utaapa umekufa. Kijana aliubonyeza, ganda likalia kama jani kavu, akaung’oa akautupa nyuma ya nyumba, kwenye lundo la mchanga uliobaki, palepale alipotupa vibao.

Lithops ulichukua muda mrefu zaidi, na ndio ninaotaka tukae nao.

Kila mwaka mmea huu hubadilisha mwili. Baada ya kuchanua, ndani ya ufa huanza jozi mpya ya majani, na jozi hiyo hainywi kutoka ardhini. Hunyonya maji ya jozi ya zamani. Majani ya wazee hulegea, hukunjamana, mwishowe hubaki ngozi mbili kavu kando ya watoto waliojaa. Katika kipindi hicho chote mmea unataka kitu kimoja tu kutoka kwa mfugaji, nacho ni kutoguswa na maji. Ukimwagilia, jozi ya zamani hujaza tena na kukataa kufa. Jozi mpya hutoka ikiwa imebanwa. Mwaka unaofuata hutoka ya tatu, na mmea unakuwa rundo la majani yasiyojua nani mkubwa. Hapo ndipo wauzaji husema “unakua vizuri.” Mmea wenye afya hubaki na majani mawili, miaka nenda miaka rudi, na mtu mvumilivu anaweza kuishi nao miongo kadhaa.

Kwa kawaida zamu hiyo hubadilishana katika miezi ya baridi ya kusini, Juni hadi Septemba hivi. Miezi hiyohiyo Conophytum, kama ungekuwa bado bakulini, ungekuwa umeamka na unataka maji. Miezi hiyohiyo Pseudolithos wa Somalia, mtoto wa joto, hautaki hata kusikia tone. Sasa tafuta siku moja ya kumwagilia ambayo itawafaa wote watatu. Haipo. Mfugaji wa bakuli la mseto hana uhuru wa kukosea au kupatia. Anachagua tu yupi wa kumuua mwezi huu.

Na Thika inaongeza ugumu wake. Mji uko takriban nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wa Juni na mchana wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache. Mimea iliyozoea kuona siku zikirefuka na kufupika hukosa saa yake. Mvua nayo huja kwa kalenda isiyo yao: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Julai haina mvua ya maana, lakini ina mawingu yanayokaa kuanzia asubuhi hadi saa nane na ubaridi unaowafanya watu wa Kiandutu wavae majaketi ndani ya nyumba. Maji yanayokauka kwa siku mbili mwezi wa Februari hukaa wiki nzima mwezi wa Julai. Kikombe kilekile, kilichotolewa kwa uaminifu uleule, si kikombe kilekile tena.

Mtu atauliza: mbona asingewamwagilia kwa kijiko, kila mmoja kwa zamu yake? Kijana alifikia wazo hilo mwezi wa Juni, na nampa heshima kwa kulifikia. Lakini ndani ya udongo mmoja maji hayana adabu ya mipaka. Kijiko unachoweka kwa jirani huenda pembeni, hunyonywa na mchanga mkavu, na mzizi wa anayelala huyakuta. Isitoshe Pleiospilos, mwenye mwili mkubwa, ulikuwa umekwisha kupeleka mizizi pande zote na kuanza kumtia Lithops kivuli. Chungu kimoja ni tumbo moja.

Usiku mmoja wa Julai Pseudolithos ulikufa. Wanaoufuga wanajua kwamba hauugui kwanza. Jioni ni mgumu, asubuhi ni uji. Kijana aliugusa, kidole kikazama. Harufu aliyodhani ni ya ua, ambayo alikuwa ameisubiri kwa hamu, ilikuwa ya mmea wenyewe.

Alipomwaga bakuli lote Agosti, siku nne kabla ya ufunguzi wa saluni, alikuta kitu kingine. Kwenye mizizi palikuwa na unga mweupe kama pamba iliyochanika: vidung’ata. Wakulima wa mipapai na mihogo wanawajua wadudu hao kwa uchungu, ila hawa walikuwa aina ya wale wanaokaa chini ya udongo, wasikoonekana. Huenda waliingia na mmea mmoja tu. Kila mmea ukiwa na chungu chake, mwenye macho angeutenga, angeosha mizizi, angepaka spiriti kwa brashi, na wanne wengine wasingejua. Ndani ya bakuli walikuwa wametembea hadi kwa kila aliyebaki. Lithops, uliokuwa na jozi mbili za majani na kusifiwa na kila mpita njia, ulikuwa umeoza kutoka chini. Juu bado ulionekana jiwe zuri.

Pleiospilos ulipona. Kijana aliuosha, akaupanda kwenye mkebe peke yake, na akaanza kuwaambia watu kwamba huo ndio “wenye nguvu.” Hapa sikubaliani naye. Kikombe cha kila wiki mbili kilitokea tu kuwa karibu na kipimo chake kuliko vipimo vya wenzake. Laiti angetumia ratiba nyingine, kavu zaidi na ya baridi, angebaki na Conophytum na kuuita huo shujaa. Aliyebaki hodari baada ya sheria moja kuwapitia wote mara nyingi ni yule ambaye sheria ilikuwa yake tangu mwanzo.

Arbuni ilirudishwa. Mama wa saluni hakupiga kelele. Alisema tu kwamba alikuwa amewaambia watu wake, na hilo lilimuuma kijana kuliko fedha.

Niruhusiwe kwenda kando kidogo. Mtu aliyewahi kuzijua Lithops kuliko karibu wote alikuwa mtaalamu wa lugha zetu. Desmond Cole alikuwa profesa wa lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand na aliandika sarufi ya Kitswana. Yeye na mkewe Naureen walizunguka kusini mwa Afrika kwa miaka mingi wakiandika kila mahali Lithops zinapoota, makundi takriban 400, kila kundi na namba yake, bila kuchanganya kundi la kilima hiki na la kilima cha pili hata kama mimea ilifanana. Kitabu chake, Lithops: Flowering Stones, kilitoka 1988. Mpaka leo wafugaji makini huandika namba za Cole kwenye vibao vyao. Nadhani masikio yaliyozoea kutenganisha lahaja mbili ambazo mgeni huzisikia kuwa moja yalimsaidia pia macho.

Kutojali vibao kuna upande mwingine, mbaya zaidi ya bakuli la Kiandutu. Tangu 2019 wezi wamekuwa wakizing’oa Conophytum na jamaa zake kutoka vilima vya magharibi mwa Afrika Kusini ili kuziuza ng’ambo, na mimea iliyokamatwa imepita milioni moja. Mmea ulioibwa hauna kibao, au una kibao cha uongo. Mnunuzi wa Kenya anayetaka mimea hii aanze na mbegu, kwa vibali vya KEPHIS, kama mwalimu alivyofanya. Mbegu ni ndogo kama vumbi na kazi ni ya subira, lakini mmea ulioota kwenye dirisha lako hauna doa la mtu mwingine.

Turudi Kiandutu. Septemba mwalimu alipiga simu kutoka Nanyuki na kuomba picha. Kijana alitafuta pembe ya kupigia Pleiospilos ili uonekane kama mimea mingi, kisha akaona aibu, akasema ukweli wote.

“Na vile vibao vyangu?”

Hakujua. Ilibidi amwulize shosho, na shosho akampeleka kwenye gunia. Vibao vyote vitano vilikuwa vimechomekwa pale, kuzuia kuku wasichakure dania. Na chini ya gunia, ndani ya mkebe, palikuwa na kifungo cha kijani kilichonona, kimechana ganda lake la karatasi na kuchungulia. Shosho alikiokota kwenye lundo la mchanga wakati wa masika, alipokiona kinaanza kubadilika rangi. Hakukijua jina. Hakukimwagilia pia, kwa kuwa alidhani ni kitu cha kijana na hakutaka kukiharibu.

Mwalimu aliposikia hayo alicheka kwa muda mrefu. Kijana, kalamu mkononi, akamwomba amsomee ile miezi aandike upya, maana penseli ilikuwa imefutika kwa maji ya sukuma.

“Sikusomei,” mwalimu akasema. “Ile miezi ilikuwa ya veranda yangu. Ukuta wangu ulitazama mashariki na paa lilikuwa la vigae. Wewe uko chini ya mabati. Andika yako.”

“Niiandike vipi, Mwalimu, na sijui?”

“Tazama ngozi. Ukiona mkunjo ubavuni na hakuna jozi mpya ndani ya ufa, nywesha, lakini asubuhi, na siku ya jua. Ukiona jozi mpya, funga maji hata kama majani ya nje yanakusikitisha. Ukiona karatasi, subiri baridi. Weka tarehe kila mara. Mwakani utakuwa na kalenda ya Kiandutu, na hata mimi sina hiyo.”

Kuhusu bakuli, alimpa njia ambayo wafugaji wengi wa mimea hii wanaitumia. Acha kila mmea kwenye chungu chake, kirefu cha kutosha mzizi mkuu kushuka. Panga vyungu ndani ya bakuli, jaza kokoto kati yake mpaka kingo zipotee. Mteja ataona bustani moja. Wewe utatoa chungu unachotaka kukinywesha, utakipeleka kando, utakirudisha kikishachuruzika. Akiugua mmoja, anatoka yeye na mkebe wake.

Kijana alitengeneza bakuli hilo Oktoba, chini ya nailoni angavu kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Lilikuwa na mimea miwili tu, Pleiospilos na kile kifungo, na kokoto nyingi. Shosho alidai fungu lake kwa kifungo, na akalipwa. Mama wa saluni alikuja kulitazama, akazunguka mara mbili, kisha akauliza kama vile vibao viwili vya plastiki vinaweza kutolewa, kwa kuwa vinaharibu picha.

“Haviwezi, mama.”

Akapunguza bei aliyokuwa tayari kutoa. Kijana alikubali bei hiyo, na vibao vikabaki.